Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyesoma maradhi kwenye ramani

ABIRIA apandaye matatu mjini Bungoma kuelekea Kitale hufika Webuye, akaiaga barabara kuu ya Nairobi, kisha akaanza kupanda taratibu kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Afikapo Kitale hewa imebadilika, na aliyeacha koti nyumbani hujuta. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari ilhali Kitale iko karibu mita 1,900. Kwa hivyo mahali fulani jirani na Webuye, bila yeye kujua, abiria huyo huwa ameuvuka mstari wa mita 1,500.

Mstari huo hauna bango wala jiwe la mpaka. Hata hivyo, zaidi ya miaka 60 iliyopita, tabibu mmoja mzaliwa wa Ireland aliuona ukijichora katika ramani ya Afrika nzima. Karibu na ikweta, chini ya mwinuko huo, watoto walikuwa wakivimba mataya na kufa katika muda wa miezi michache. Juu yake, watoto wa rika lilo hilo walisalimika.

Jina lake lilikuwa Denis Parsons Burkitt. Vitabu vya tiba ulimwenguni kote vingali vinauita ugonjwa ule kwa jina lake, na kwa upande mwingine wa maisha yake ndiye aliyewafanya watu wa Ulaya na Marekani waanze kusoma karatasi za mikate kutafuta kiasi cha nyuzinyuzi. Ni ajabu kwamba katika nchi ambazo zilimpa elimu hiyo yote, Kenya na Uganda zikiwemo, wasomaji wengi hawamjui.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake, James, alikuwa mhandisi wa serkali ya jimbo, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa ndege. Aliwanasa ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliotembelea bustani yake, akawavisha pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja alitawala eneo gani. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba mtoto aliyemwona baba akiuliza kila asubuhi ni wapi ndege huyu yupo na ni wapi hayupo, alikuwa amekwisha kupata nusu ya elimu yake kabla ya kukanyaga chuo kikuu.

Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa katika ugomvi wa wanafunzi lilimpasua jicho la kulia, na jicho hilo likaondolewa. Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake, lakini akageuza nia na kuingia udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935 na kupata sifa za upasuaji mjini Edinburgh mwaka wa 1938. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na aliona kwamba wito wake ulikuwa Afrika. Maafisa wa makoloni wa Uingereza hawakuona hivyo. Alipoomba kazi Afrika Magharibi walimkataa, kwa kuwa daktari mpasuaji mwenye jicho moja hakuwatia moyo.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Jeshi halikuwa na anasa ya kuchagua macho. Alijiunga nalo mwaka wa 1941 na likamleta Kenya na Somalia, kisha likampeleka Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Mwaka wa 1943 alimwoa muuguzi, Olive Rogers, ambaye walijaaliwa naye mabinti watatu. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilimpokea, na mwaka wa 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira ndiko alikoanza kuonyesha tabia yake. Alikuwa akiwapasua wanaume wenye mabusha, mmoja baada ya mwingine, kama apasuavyo daktari yeyote wa wilaya. Lakini akaanza kuandika kila mgonjwa alikotoka. Kumbe mashariki mwa wilaya ile ugonjwa ulienea mno, na magharibi ulikuwa nadra. Baadaye ilieleweka kwamba tofauti hiyo ilifuata minyoo wa matende wanaoenezwa na mbu. Lilikuwa jambo dogo, na makala aliyoyaandika hayakuzua gumzo, ila somo lilimkaa: ugonjwa una anwani.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Miaka tisa ilipita kabla ya siku ile ya 1957 ambapo daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mvulana wa miaka mitano hivi. Trowell alikuwa mtaalamu wa kwashiakori na alikuwa amefanya kazi Kenya tangu 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Watoto waliovimba hawakuwa wageni kwake. Lakini huyu alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia, meno yakilegea ndani ya nyama. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho, akampiga picha na kukiri kwamba hakuelewa.

Majuma machache baadaye alikuwa akizuru hospitali ya Jinja. Alipotazama nje kupitia dirishani, alimwona mtoto mwingine uani pamoja na mamake, uso wake umevimba vivyo hivyo. Mmoja angeweza kuwa kioja tu, lakini wawili walikuwa swali. Alitoka nje, akampima mtoto yule, akagundua kwamba hata tumboni mlikuwa na uvimbe. Aliporudi Mulago alifukua kumbukumbu za hospitali na kubaini kwamba watoto waliokuwa wakiandikiwa saratani za taya, za figo, za ovari na za ini, kila mmoja katika wodi yake, mara nyingi walikuwa na ugonjwa mmoja uliojificha chini ya majina mengi.

Alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Hakuna aliyeshtuka. Wataalamu wa patholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio waliouchunguza uvimbe ule kwa hadubini na kuonyesha kwamba ulikuwa saratani ya chembe za limfu, yaani limfoma, iliyokua kwa kasi kuliko uvimbe wowote mwingine wa binadamu.

Burkitt hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho ni stempu za posta. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kama 1,000 hivi kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, akiuliza swali moja: je, mmewahi kuona ugonjwa huu? Majibu yalipomfikia alichoma pini kwenye ramani. Pini zikajipanga kama mshipi mpana uliokatiza Afrika katikati, na mkia ukateremka kando ya pwani ya Msumbiji.

Ramani ya barua haikumtosha. Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams, ambaye pia alikuwa fundi hodari wa magari, na Clifford Nelson. Walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50. Walichotafuta hasa ni ukingo wa mshipi: mahali ambapo ugonjwa unakoma.

Hapo ndipo mstari wetu wa Webuye unapoingia. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Rwanda na Burundi zenye milima zilikuwa karibu salama. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ule ulishuka chini zaidi. Kama ni urefu wa mlima tu uliozuia ugonjwa, kwa nini mpaka ushuke? Jibu lilikuwa joto. Alexander Haddow, bingwa wa virusi na mbu katika taasisi ya utafiti ya Entebbe, aliitazama ramani ile na kuona kwamba ilifuata nchi zenye joto na mvua ya kutosha, yaani nchi za mbu.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Unguja na Pemba. Visiwa hivyo ni vya joto na mvua, tena viko usawa wa bahari. Kwa kanuni zote vingepaswa kujaa ugonjwa huo, lakini haukuonekana. Tofauti iliyokuwapo ni kwamba malaria ilikuwa imedhibitiwa huko. Hapa Kenya, Gilbert Dalldorf, mwanasayansi wa Marekani aliyefanya utafiti jijini Nairobi, naye alipendekeza katika miaka hiyo hiyo kwamba malaria ndiyo ilikuwa ikitayarisha njia.

Wakati huo, uzi mwingine wa kisa hiki ulikuwa ukisokotwa London. Machi 1961, miezi michache kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Aliposikia habari za saratani inayofuata joto na mvua, alishuku kiumbe hai. Tangu hapo vipande vya uvimbe kutoka kwa watoto wa Mulago vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London.

Kwa karibu miaka mitatu hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege iliyobeba sampuli kutua Manchester badala ya London. Ilipofika maabara, maji ya ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka kama maziwa. Mtu mwingine angedhani bakteria wameingia, akamwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini na kuona chembe za saratani zikielea huru, zikiwa hai. Msaidizi wake, Yvonne Barr, alizikuza, na pamoja na Bert Achong kutoka Trinidad wakazitazama kwa hadubini ya elektroni. Virusi vilikuwemo. Makala yao yalichapishwa Machi 1964, na kwa mara ya kwanza ulimwengu ukapata virusi vilivyohusishwa na saratani ya binadamu. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Burkitt na wenzake walidhani mbu ndiye aliyekuwa akivibeba virusi hivyo. Walikosea. Virusi vya Epstein-Barr huenezwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo bila kudhurika. Mbu huleta malaria, nayo malaria inayomrudia mtoto tena na tena huzichochea chembe zake za kinga zizaliane ovyo hadi moja, yenye virusi ndani yake, inapokosea katika kupanga urithi wake na kugeuka saratani. Mara nyingine kosa lililofuatwa kwa bidii hufikisha mbali kuliko ukweli uliowekwa kabatini.

Wasomaji wa Bungoma watapendezwa na jambo moja lililothibitishwa baadaye. Utafiti mkubwa uliofanywa kati ya 2010 na 2016 kaskazini mwa Uganda, kaskazini mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba watoto waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja tu chembe za selimundu, ambazo huwakinga dhidi ya malaria kali, hupatwa na limfoma ya Burkitt kwa uchache kuliko wenzao.

Kuhusu tiba, umaskini wa Mulago uligeuka kuwa mwalimu. Hospitali haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji wa kuondoa mataya ya mtoto ulikuwa ukatili usiozaa matunda. Burkitt akajaribu dawa mpya za saratani alizopewa na makampuni na marafiki wa Marekani. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, wakati mwingine kwa kipimo kimoja au viwili, na baadhi ya watoto hawakuugua tena. Jijini Nairobi, daktari mpasuaji Peter Clifford alipata matokeo kama hayo. Kwa hivyo Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kuonyesha kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa pekee. Kwa kazi hiyo Burkitt alitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka wa 1972.

Mtu wa kawaida angetosheka. Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966, na mwaka uliofuata akakutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyeamini kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vilivyowaletea Wazungu maradhi yao. Wakubwa wa tiba walimwona Cleave kama mtu wa wazo moja. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu katika miaka 20 aliyopasua watu Uganda, alikuwa ameona kidole tumbo kilichooza mara chache sana, na saratani ya utumbo mpana karibu hakuiona, hali wapasuaji wa London walikuwa wakishughulika nayo kila wiki.

Akatoa tena stempu. Kila mwezi aliziandikia hospitali za misheni, nyingi zikiwa Afrika, akiuliza wameona nini na hawakuona nini. Safari hii pia alipima kitu ambacho wataalamu wenye heshima zao hawakipimi. Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alichapisha mwaka wa 1972 ulinganisho wa choo cha wanamaji wa Uingereza na cha wanakijiji wa Uganda. Chakula kilimchukua mwanamaji zaidi ya saa 80 kupita mwilini, naye akatoa gramu 100 hivi kwa siku. Kwa mwanakijiji kilipita kwa saa 36 hivi, na akatoa zaidi ya gramu 400. Burkitt alikuwa akionyesha picha za mambo hayo katika mihadhara, mbele ya maprofesa waliovalia tai, bila kupepesa jicho lake moja.

Maelezo yake yalikuwa nyuzinyuzi: ile sehemu ya nafaka, maharagwe na mboga ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Na hapa turudi tena katika barabara yetu, kwani safari hii si mbu anayeitenga Bungoma na Kitale. Zote mbili zimo katika kisa kimoja, nacho ni cha unga.

Kitale ni ghala la mahindi la Kenya. Katika kituo cha utafiti cha mji huo ndimo zilimozalishwa mbegu chotara zilizoanza kutolewa kwa wakulima mwaka wa 1964, zikalifanya zao hilo kutawala sahani za nchi nzima. Kabla yake, mzee wa Bungoma alijua ugali wa wimbi na mtama, pamoja na kunde, mrenda na managu. Mahindi yenyewe hayana kosa yakisagwa yote kwa mashine ya posho. Lakini unga mweupe wa pakiti umekobolewa. Ganda na kiini vimeondolewa na kuuzwa kama pumba. Ng'ombe wa maziwa wa Trans Nzoia hula kile ambacho Burkitt angetaka mwenye ng'ombe ale.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Takwimu zake zilitegemea wagonjwa waliofika hospitalini, na wengi hawakufika. Saratani ya utumbo hupata zaidi wazee, na wazee walikuwa wachache. Aliielekea sababu moja kama mtu aliyeona mwanga, akasahau kwamba wanakijiji wale pia walitembea sana, walikula nyama kidogo na hawakuwa wanene. Mwaka wa 1999, utafiti wa wauguzi zaidi ya 88,000 wa Marekani haukuona kwamba nyuzinyuzi ziliwakinga na saratani hiyo. Tena unga usiokobolewa si salama ikiwa mahindi hayakukaushwa vyema, kwa kuwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini hujikusanya zaidi katika ganda na kiini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Lakini kwa jumla wakati umemwunga mkono, tena kwa njia ambayo hakuijua. Nyuzinyuzi hazipiti tumboni kama ufagio tu. Ni chakula cha mabilioni ya bakteria waishio katika utumbo mpana, nao huzichachusha na kutoa butirati, asidi inayolisha na kutuliza ukuta wa utumbo. Mwaka wa 2015 watafiti waliwabadilishia vyakula Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili. Wamarekani walipokula kwa mtindo wa kijijini, butirati iliongezeka zaidi ya mara mbili na dalili za hatari katika utumbo zikapungua. Wanakijiji walipolishwa Kimarekani, mambo yakageuka. Mwaka wa 2019 uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi ulikadiria kwamba gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku huambatana na upungufu wa vifo na wa maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo.

Karibu zaidi na kwetu, utafiti wa wanaume 77 wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba wiki mbili tu za kuacha chakula cha asili na kula cha Kimagharibi zilitosha kuamsha dalili za uvimbe katika damu, na waliofanya kinyume walipata nafuu. Hata waliokunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa walinufaika. Wapenzi wa busaa wasishangilie mapema, busaa haikupimwa.

Burkitt alistaafu mwaka wa 1976 lakini hakuacha kusafiri na kuhutubu. Mwaka wa 1979 alitoa kitabu cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi kilichosomwa katika lugha nyingi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, Uingereza, kutokana na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 82, na akazikwa katika kijiji cha Bisley. Epstein aliishi hadi Februari 2024, akafa na miaka 102.

Ugonjwa wenyewe haujafa. Chini ya ule mstari wa Webuye, limfoma ya Burkitt ingali miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi watoto wa magharibi mwa Kenya. Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoanza kupokea chanjo ya malaria katika majaribio yaliyozinduliwa mwaka wa 2019, na huenda siku moja chanjo hiyo ikapunguza saratani hiyo pia. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hupona. Katika nchi za ikweta ni takriban nusu au pungufu, hasa kwa sababu taya lililovimba hudhaniwa kuwa jino, mtoto akang'olewa jino, kisha lingine, na uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Wanaofika mapema Eldoret au Kisumu hutiwa dawa mshipani. Miongoni mwa dawa hizo ni saiklofosfamidi, ileile ambayo Burkitt aliijaribu Mulago katika miaka ya 1960.